Idhini ya Dada Yangu Aliitoa Mtani

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, shikamooni nyote mlionizidi umri. Vijana wenzangu, hamjambo.

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kalamu bado inanikataa, na herufi nyingine huziandika zikiwa zimelala. Bwana Mhariri akiona neno limekaa upande, tafadhali alinyooshe. Naandika polepole. Barua hii nimeianza wakati mahindi yanachomoza, na sasa nyani wanayala.

Katika gazeti lililopita msomaji mmoja wa Pangani aliuliza: je, daktari ana haki ya kumpasua mke wa mtu bila ruhusa ya mumewe?

Majibu yalikuwa mengi. Mmoja akasema mke ni amana, na amana haipasuliwi mwenyewe akiwa hayupo. Mwingine akasema mtu akishaingia hospitali ni wa Serikali, kama barua ikishaingia posta. Mwalimu mmoja akajaza safu nzima, nikaisoma mara mbili nisijue anakubali au anakataa.

Wanawake sikumwona hata mmoja aliyejibu. Labda hawakuulizwa.

Basi nami nina langu. Ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, dada yangu Zaina yuko hapa jikoni, na mimi nikiandika husoma kwa sauti, kwa hiyo atanisahihisha.

Sisi ni Wazigua wa Kwamsisi, upande wa Handeni. Zaina ndiye mtoto wa kwanza wa mama yetu na mimi ndiye wa mwisho. Waliokuwa katikati hawakubaki.

Mimi ni mtu wa aibu. Nikitumwa dukani kununua chumvi nikakuta watu wengi, hurudi bila chumvi. Zaina si hivyo. Zaina akienda kununua chumvi, mwenye duka hujikuta ameongeza na kiberiti.

Aliolewa na Mhando, mtu wa Kwedizinga. Ni mtu mwema, sitaki mumfikirie vibaya mpaka nimalize. Mtoto wao wa kwanza ni wa kiume, yupo, anachunga mbuzi. Waliofuata wawili walizaliwa kimya. Tuliwazika kabla hawajapewa majina.

Baada ya hapo Mhando akaenda Moshi kuchuma kahawa ya Wazungu. Alimwacha Zaina ana mimba nyingine, naye Zaina akarudi kwetu kujifungulia, kama ilivyo desturi.

Tumbo lilipokaribia, bibi mkunga wetu akaja kulipapasa. Akapapasa huku, akapapasa kule, akanyamaza. Alinyamaza mpaka Zaina akamwambia, "Bibi, sema. Mimi si mkwe wako, usinionee haya."

"Mtoto amelala kama gogo mlangoni," bibi akasema. "Kichwa huku, miguu huku. Wale wawili nao walianza hivihivi. Huyu siwezi mimi. Mpelekeni Korogwe wakampasue."

Hapo, wakuu, ndipo nilipojua kwamba tumbo la mtu mmoja lina wenyewe wengi.

Walianza wamama wa jirani. Wakasema mtoto hujikingamisha hivyo mama yake akiwa ameficha jambo. Ataje wanaume aliotembea nao mumewe akiwa safarini, na njia itafunguka bila kisu.

Zaina akawatazama. "Wanaume gani? Ningekuwa nao, si mmoja wao angekuwa hapa ananitekea maji?"

Wakasema hayo si majibu. Akasema, "Basi tuanze kwa umri. Mkubwa wenu ataje wake, nami nitafuata." Wakakumbuka kwamba wameacha vyungu motoni.

Akaja baba mkwe wake kutoka Kwedizinga kwa baiskeli. Mzee wa heshima, kanzu safi, mnyororo wa baiskeli umeitia doa upande mmoja. Akasema mke wa mtu hapelekwi kukatwa na watu baki mumewe hajui. Mhando aandikiwe barua, ajibu, ndipo tutazame.

Bibi mkunga akamwuliza, "Na mtoto naye tumwandikie barua angoje?"

"Ni mtoto wetu, mama."

"Mtoto si wenu. Kwetu Wazigua mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Wewe mzee unajua, unajitia kusahau tu."

Mzee akakubali kwamba desturi ni hiyo. "Haya, mjomba wake yuko wapi?"

Wote wakageuka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kinu.

Wakuu, Zaina hana ndugu wa kiume ila mimi. Sijaoa, sina hata jembe langu mwenyewe, ndevu zangu mtu anaweza kuzipa majina moja moja. Na hapo nikaambiwa mimi ndiye mwenye amri juu ya tumbo la mtu aliyenifundisha kupenga kamasi.

"Unasemaje, mjomba?" mzee akauliza.

Nikatazama chini. Mzee akangoja. Bibi akangoja. Mwisho bibi akasema, "Amekubali."

Kwetu msichana akiulizwa habari ya kuolewa akanyamaza, huhesabiwa amekubali. Sikujua kwamba kanuni hiyo inafaa hata kwa wajomba.

Wakati sisi tunakubaliana, Zaina alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake na kuukalia.

Tulimbeba kwa machela mpaka njia kuu, tukapata lori la Mhindi mwenye duka, tukapanda juu ya magunia ya mahindi. Watu wa njiani wakiniona wananiamkia kwa heshima, maana habari za kijijini hukimbia kuliko lori: mjomba anampeleka dada yake hospitali. Nikaanza hata kukaa wima.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Ni moja ya zile za upande wa Korogwe, na sitaki maneno na wakubwa.

Alitupokea dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda. Soksi zake ndefu zilikuwa nyeupe kuliko bandeji zake. Daktari alikuwa Mzungu aliyetoka Ulaya karibuni. Alimpima Zaina kwa upole, akasema maneno yaleyale ya bibi mkunga ila kwa Kizungu. Mtoto amekingama. Lazima apasuliwe, tena kabla uchungu haujashika vizuri, ama sivyo watakwenda wote wawili.

Zaina akasema, "Haya, nimekubali. Nipasueni."

Dresa akaleta karatasi. "Mumewe yuko wapi? Kanuni ya hospitali, mwanamke hapasuliwi mpaka mume atie dole."

"Yuko Moshi," Zaina akasema. "Lakini tumbo nimekuja nalo."

Dresa akanigeukia mimi. "Kijana, mwambie mgonjwa anyamaze. Tunazungumza habari zake."

Nikajikaza nikasema, kwa sauti ambayo nadhani hata mimi sikuisikia, kwamba mimi ndiye mjomba wa mtoto.

"Mjomba?" Dresa akacheka bila ubaya. "Ndugu wa mke katika kanuni zetu si kitu. Ungekuwa walau baba mkwe."

Hivyo nilipanda lori nikiwa mwenye mtoto, nikashuka nikiwa mzigo.

Daktari akaamuru simu ya maandishi ipelekwe Moshi, kwa bwana wa shamba lile la kahawa, kumtafuta Mhando atoe ruhusa. Jibu lilikuja kesho yake. Lilisema: Mhando yupi, tunao wengi.

Na asubuhi hiyo uchungu ulikuwa umeanza.

Sasa mnisikilize, kwa maana jambo lenyewe ndilo hili.

Barazani pa hospitali palikuwa na mgonjwa mmoja, Mzee Shemweta, Msambaa wa milimani, mguu umefungwa kuanzia kisigino mpaka gotini kwa sababu aliangukiwa na mti alioukata mwenyewe. Tangu alipomsikia Zaina akisema Kizigua, hakumpa nafasi. Mnajua utani wa Wazigua na Wasambaa. Tukikutana ni matusi matamu mpaka mmoja achoke, na hakuna kukasirika.

"Wazigua mmekuja kuzalia kwetu," akaanza, "kwa kuwa kwenu hata maji ya kumwogeshea mtoto hakuna."

"Tumekuja kuwaonyesha mtoto mwenye miguu sawa," Zaina akamjibu. "Nyinyi mnaolima mteremkoni, mguu mmoja hurefuka. Ndiyo maana huo wako wameukunja, wanaupunguza."

Mzee akafurahi kama mtu aliyeletewa uji wa moto. "Huyu ananifaa. Kuanzia leo ni mke wangu. Dresa, mke wangu apewe kitanda kizuri."

"Mume kibogoyo wa nini? Nyama atatafuniwa na nani?"

Basi ikawa hivyo tangu jana yake. Mke wangu hajambo? Mke wangu amelala? Hata wagonjwa wengine wakawa wanamwita Zaina mke wa Shemweta. Zaina naye alikuwa akicheka, na kwa kweli nilifurahi, kwa kuwa akiacha kucheka hutazama ukuta.

Asubuhi hiyo jibu la Moshi lilipofika, daktari akatoka barazani akiwa nalo mkononi, uso umemwiva. Zaina alikuwa ameshika nguzo, anapumua kwa meno. Mzee Shemweta, ambaye nadhani alikuwa akitaka kumtia moyo, akasema kwa sauti, "Jikaze, mke wangu. Mumeo nipo."

Daktari akasimama.

Kiswahili chake alikisoma kitabuni, na kilikuwa safi sana, safi kuliko changu. "Je, bwana," akasema, "wewe ni mume wa bibi huyu?"

Mzee, mbele ya wagonjwa wote wale, na mbele ya mtani wake, angejibu nini? "Ndimi," akasema. "Mahari nililipa mguu huu unaouona."

Baraza zima likacheka. Daktari hakucheka. "Kwa nini hukusema jana?"

Wakuu, dresa alijua. Wagonjwa walijua. Mfagiaji alijua, na mama aliyekuja kuuza mayai alijua. Lakini jana yake tu daktari alikuwa amemkemea dresa asimsahihishe mbele ya wagonjwa. Dresa ni mtu anayetii amri. Akaingia ndani, akatoka na karatasi na kidau cha wino, akavishika mbele ya Mzee Shemweta bila kutikisa hata nyusi.

Mzee alipouona wino, utani ukamshuka kooni. Akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

Naye Zaina akageuza kichwa kutoka kwenye ile nguzo. Jasho linamtiririka. Akasema, "Tia dole, mume wangu. Au Wasambaa mnaoa kwa mdomo tu?"

Mtani anayerudi nyuma ameshindwa, na atachekwa mpaka kaburini, kwani hata huko watani wake ndio watakaokwenda kumzika. Mzee akatia dole.

Kanuni ya hospitali ikawa imetimia. Mwenye tumbo alikuwa amekubali tangu jana, na mtu aliyeangukiwa na mti wake mwenyewe amekubali leo.

Zaina akaingizwa ndani. Nikakaa chini karibu na Mzee. Tulikuwa bado tunatazama dole lake lenye wino, daktari akatoka tena.

Akamwendea Mzee moja kwa moja, akainama, akasema naye kwa heshima kubwa, kama mtu anayesema na baba wa nyumba. Akamweleza kwamba kizazi cha bibi huyu kimechoka. Akishika mimba nyingine, huenda isimwue mtoto tu, ikamwua na yeye. Kwa kuwa tumbo litakuwa wazi, anaweza kumfunga asizae tena. Lakini kwa hilo ni lazima mume akubali. Anasemaje?

Nilimwona Mzee Shemweta akipungua. Yule mtu aliyekuwa akijaza baraza zima kwa maneno akawa mdogo kama mimi. Kupasuliwa ni kumwokoa mtu, utani unaweza kufika hapo. Lakini kufunga kizazi cha mke wa mtu, na mwenyewe yuko Moshi anachuma kahawa kwa mikono yenye nguvu, na ana ndugu Kwedizinga wenye mapanga?

"Bwana Daktari," akasema, "hapo mimi simo. Mwulize mwenyewe."

"Nani mwenyewe?"

"Mwenye tumbo. Mwulize yeye. Mimi atakachosema ndicho hichohicho."

Daktari akanyoosha mgongo, akampa mkono. Baadaye dresa alituambia kwamba daktari alirudi ndani akisifu: tangu afike nchi hii hajaonana na mume mwungwana namna hii, hata kwao Ulaya ni wachache.

Ni woga tu, wakuu. Nilikuwa karibu naye, alikuwa akilisugua dole lake wino utoke.

Lakini ndivyo Zaina alivyoulizwa. Na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, nilisikia yote.

Kwanza alimwuliza daktari kama akifungwa ataendelea kuona siku zake. Akaambiwa ndiyo. Akauliza kama ataweza kulima na kubeba maji. Ndiyo, baada ya kupona. Akauliza kama akibadili nia wanaweza kumfungua. Daktari akasema hapana, haifunguliki.

Akasema, "Ngoja uchungu huu upite."

Wakangoja. Ulipopita akasema: "Mtoto huyu akitoka analia, nifunge. Nitakuwa na wawili, wananitosha. Akitoka kimya, usinifunge. Nitajaribu tena, nife mimi mwenyewe kwa kutaka."

Nikamsikia dresa akimwuliza daktari pa kuandika maneno hayo. Karatasi yao ilikuwa na mahali pa ndiyo na mahali pa hapana. Mahali pa "kama" hapakuwapo.

"Andika pembeni," daktari akasema.

Ndiyo maana mpaka leo karatasi ile, kama ipo, ina dole kubwa la Mzee Shemweta katikati, na dole la Zaina pembeni, palipobaki nafasi.

Mlango ukafungwa.

Sitawaambia tulivyokaa pale nje. Mzee hakufanya utani. Yule mama wa mayai hakuondoka, akaketi na kikapu chake. Nilikuwa nikisikiliza kwa mwili mzima, na kila kuku aliyelia nje alinitoa roho.

Kisha tukasikia. Kwanza kama paka, halafu kwa hasira kabisa.

"Mke wangu amezaa," Mzee akasema. Halafu akatazama huku na huku. "Nani aliyesema mke wangu? Sikusema mimi."

Alikuwa mtoto wa kike. Zaina akafungwa, kama alivyoagiza.

Kama mambo yangeishia hapo nisingewasumbua. Lakini Mhando alirudi kutoka Moshi na kitenge cha mkewe na kofia ya mtoto. Akafurahi kwa muda wa chakula kimoja, kisha watu wakamsimulia. Akaenda kushtaki kwa Zumbe, mkuu wa eneo letu, ambaye Serikali imempa baraza la kuamua mashauri.

Siku ya shauri walijaa watu kuliko siku ya mnada. Mzee Shemweta aliitwa, akashuka milimani kwa fimbo, amebeba mkungu wa ndizi wa kujikingia.

Mhando akasimama. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Zumbe, karatasi ya Wazungu inasema mume amekubali. Mume ni mimi. Mimi nilikuwa Moshi. Nimerudi nimekuta mtoto mzuri, sikatai. Lakini wengine waliobaki kuzaliwa wako wapi? Nani ameufunga mlango wangu?"

Zumbe akamwuliza Mzee. Mzee akasema ulikuwa utani.

Wazee wa baraza wakachangamka. Walijadili utani kwa muda mrefu sana. Je, utani ukifanywa mbele ya Mzungu ni utani bado, au unageuka ushahidi? Je, dole ni mdomo? Mmoja akasema utani hauna kesi, mtani akichukua kuku wako bandani huwezi kumshtaki.

"Kuku wangu nitafuga mwingine," Mhando akasema. Na wengi tuliona kwamba hapo ana haki.

Zaina alikuwa amekaa upande wa wanawake, ananyonyesha. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Ndipo mzee mmoja, mkongwe kuliko wote, akakohoa akasema wanapoteza muda bure. Mlalamikaji siye. Kama ni habari ya kizazi, kizazi ni cha ukoo wa mama. Aliyepungukiwa watoto si Mhando, ni mjomba. Mjomba akisema ameonewa, kesi ipo. Akisema hakuonewa, twende nyumbani tukale.

Baba mkwe akasema desturi ni hiyo kweli. Naye alikuwa na njaa.

"Mjomba yuko wapi?" Zumbe akauliza.

Safari hii hapakuwa na kinu. Nikasimama. Macho yote ya Kwamsisi na nusu ya Kwedizinga yakawa usoni kwangu. Nilijua kabisa ninachotaka kusema, kilikuwa kimekaa kifuani kizima kizima. Nikafungua mdomo. Haukutoka hata upepo.

Wakangoja. Safari hii hakuna bibi aliyesema amekubali.

Zaina akamtoa mtoto ziwani, akainuka.

"Zumbe, shikamoo. Mdogo wangu huyu ana aibu, kila mtu hapa anajua. Naomba ruhusa nimsemee."

Wazee wakanong'onezana. Mwanamke kusema katika shauri lake mwenyewe, wakati mumewe yupo, ilikuwa vigumu. Lakini dada kumsemea ndugu yake wa kiume aliyepatwa na aibu, hilo hawakuona pa kulikatalia.

"Haya," Zumbe akasema. "Lakini useme maneno ya ndugu yako tu. Usichanganye na yako."

"Sitachanganya."

Akanisogelea, akasimama karibu nami, mtoto begani.

"Mdogo wangu anasema hivi. Anasema dada yake siku ile alikuwa na akili zake zote. Aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili. Anasema wale wawili waliozikwa bila majina, dada yake ndiye aliyewabeba. Mhando hakuwabeba, mtani hakuwabeba, wala baraza hili, kwa heshima zake zote. Anasema mwenye kubeba akisema mzigo umetosha, aliyekaa kivulini hawezi kusema bado mmoja."

Mtu mmoja akaguna nyuma. Yeye akaendelea.

"Anasema shemeji yake asidhani amedharauliwa. Angekuwapo, angeambiwa kabla ya wote, na angelia na mkewe. Lakini kuambiwa, anasema mdogo wangu, si kuulizwa. Wa kuulizwa alikuwa mmoja. Basi, hayo ndiyo maneno yake."

Karani akaandika: mjomba wa mtoto asema kuwa. Akayaandika yote, nikaisikia kalamu ikikwaruza.

Zumbe akanitazama. "Kijana, hayo ndiyo uliyosema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hakuna kesi," Zumbe akasema. Kisha akawageukia wazee. "Huyu kijana hasemi sana, lakini akisema anasema. Vijana wengine wamwige."

Ndizi za Mzee Shemweta zikaliwa hapohapo. Zaina akamwambia ni mbichi, lakini mtu asiye na meno hana namna ya kujua.

Tulipokuwa njiani Mhando akamwomba Zaina mtoto, akambeba yeye, akatembea naye mbele yetu mwendo mrefu bila kugeuka. Aliporudi kwetu macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Shemeji, kumbe unajua kusema."

Nikamtazama Zaina.

"Huyu?" Zaina akasema. "Hujamsikia akikasirika."

Akacheka Mhando, na nilijua nyumba yao itasimama.

Sasa wakuu, fundisho ninalolipata ni hili, nanyi mnisahihishe. Katika habari hii yote kila mtu aliulizwa. Baba mkwe aliulizwa, mimi niliulizwa, bwana wa shamba la kahawa aliulizwa kwa simu, Msambaa mwenye mguu mbovu aliulizwa mara mbili. Mwenye tumbo aliulizwa mara moja tu, na hiyo ilitokea kwa sababu mtu mmoja aliogopa mapanga. Ni heri woga ule kuliko ushujaa wetu wote.

Na adhabu yangu ni hii: tangu shauri lile watu huja kwangu kutafuta shauri. Wanakuja na mambo ya ndoa, ya mipaka ya mashamba, juzi mmoja alikuja na habari ya punda. Hukaa hapa barazani wakiningoja niseme. Mimi hutazama chini. Zaina hujibu kutoka jikoni, nao hunishukuru mimi na kuondoka.

Msomaji wa Pangani, hayo ndiyo majibu yangu kwa swali lako. Ninyi wengine, hasa mnaojua sheria za hospitali na za mabaraza, na wale wenye dada na wake, naomba mniandikie. Nitasoma barua zote, hata ikinichukua mpaka mvua nyingine.

Zile zenye swali la kumhusu Zaina, mwandikieni Zaina. Hajui kusoma, lakini mimi nitamsomea, na atakalosema nitaliandika kama lilivyo, kwa jina lake.

Wasalaam,
ndimi mdogo wa Zaina, Kwamsisi, Handeni.